Sura ya Nne: Mkasi Huja Mwisho

Kofia ya viua, ile ambayo watu wengi wa bara huiita baraghashia, ina vipande viwili tu: duara la juu na mkanda unaozunguka kichwa. Kila kipande ni kitambaa cha tabaka mbili, na katikati ya tabaka hizo ndimo fundi anamoficha ncha za nyuzi zake. Haina kifungo, haina zipu, haina mfuko. Anayeiona kwa mbali hudhani kwamba mtoto yeyote anayejua kutia uzi sindanoni ataimaliza kwa siku mbili. Akiisogeza machoni ndipo anapoona mamia ya vitundu vidogo, kila kimoja kimezungushiwa uzi kwa mkono, na ndipo anapoelewa kwa nini kofia moja humweka fundi mwezi mzima, na yenye nakshi nzito humweka miezi kadhaa.

Muda huo ndio kikwazo cha kwanza kwa anayetaka kumfundisha mtoto. Fundi mzima ana hakika kofia itakwisha, kwa kuwa amekwisha kumaliza nyingine nyingi kabla yake. Mtoto wa miaka kumi hana hakika hiyo. Akikabidhiwa kitambaa, penseli na mkasi siku ya kwanza, atapima, atachora, atakata, atadarizi safu mbili, kisha atazitazama safu zilizobaki na mikono itamlegea. Kofia itakunjwa, itawekwa chini ya nguo kabatini, na miaka itapita.

Mtoto huyo si mvivu. Amepewa kazi kwa mpangilio usiomfaa.

Katika miaka ya 1970, mwanaanthropolojia wa Marekani Jean Lave alikaa na mafundi cherehani wa Monrovia, mji mkuu wa Liberia, wengi wao Wavai na Wagola, akitazama jinsi vijana wanavyofundishwa kazi. Aliona jambo ambalo kwa mafundi wenyewe lilikuwa la kila siku: kijana hafundishwi kwa utaratibu ule ule ambao nguo hushonwa. Nguo hukatwa kwanza, ikaunganishwa, ikamaliziwa kwa vifungo, pindo na pasi. Kijana alianza na vifungo, pindo na pasi. Baadaye akaja kwenye kuunganisha vipande. Kukata alifundishwa mwisho.

Sababu mojawapo iko wazi kwa kila aliyewahi kushika nguo. Mshono ulioharibika hufumuliwa, na hasara yake ni muda. Kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Lakini kuna sababu nyingine yenye uzito zaidi. Anayemalizia nguo siku baada ya siku huwa ameshaijua nguo nzima kabla hajaanza ya kwake: anajua pindo linakaa wapi, vipande vinakutana vipi, na nguo iliyoshonwa vizuri inakuwaje mkononi. Siku anapopewa mkasi, anakata akiwa anaiona nguo iliyokwisha.

Kuna jambo jingine katika utafiti wa Lave linalogusa moja kwa moja sura hii. Nguo za kwanza ambazo vijana wa Monrovia waliruhusiwa kushona zilikuwa kofia, pamoja na kaptura za ndani za watoto. Suti ya heshima waliifikia mwishoni kabisa.

Utaratibu huo unaweza kuhamishiwa kwenye kofia ya viua bila kubadilishwa sana, kwa sababu mazingira yake yapo tayari. Mjini Lamu kofia ni kazi ya wanaume, na mtu hukaa barazani na kofia yake magotini huku mazungumzo yakiendelea. Unguja na Pemba wanawake wengi hushona nyumbani, kwa vipande vya muda kati ya jiko na shughuli nyingine. Visiwani Komoro nako wanawake ndio wenye sifa ya kazi hiyo. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuuliza kama anayejifunza ni mvulana au msichana. Kinachohitajika ni mtoto anayekaa karibu na anayeshona, na mara nyingi mtoto huyo huanza kwa kutumwa: bibi ambaye macho yamepungua nguvu humwita amtilie uzi sindanoni. Hapo somo limeshaanza.

Kofia iliyokwisha

Kazi ya kwanza ya mwanafunzi ni kuifua kofia ya mtu mwingine. Apewe kofia ya babu au ya mjomba, iliyovaliwa mpaka ikalegea, na maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Haisuguliwi kwa brashi. Inakandwa kwa viganja, na ule ukingo wa ndani unaogusa paji la uso ndio hupewa muda zaidi, maana jasho na mafuta hukaa hapo. Ikishasuuzwa hutiwa kanji nyepesi iliyopikwa kwa unga wa muhogo au wa mchele, ikavalishwa juu ya kalibu au bakuli la ukubwa wa kichwa, ikanyooshwa kwa vidole, ikaachwa ikauke.

Wakati wa kunyoosha, vidole vya mtoto hupita juu ya kila mshono. Vitahisi mahali duara linapokutana na mkanda, pindo lilivyokunjwa kwa ndani, na viua vinavyojipanga katika misitari. Mwalimu amwachie aigeuze ndani nje na atafute mahali uzi ulipoanzia na ulipoishia. Kwenye kofia nzuri ya mkono hatapaona kwa urahisi. Ampe kisha kofia ya mashine, zile za bei nafuu zinazouzwa kwa mafungu, aigeuze nayo alinganishe. Mtoto akishaziona zote mbili, hahitaji kuelezwa kwa maneno mengi ni ipi anayofundishwa.

Baada ya kufua huja pindo. Kofia kuukuu karibu kila mara huwa na mahali pindo limeachia, na kulirudishia ni mshono rahisi wenye faida ya papo hapo: mwenye kofia anaivaa siku hiyo hiyo. Mtoto amejua sasa jinsi ya kuvaa kastabini kwenye kidole cha kati ili kusukuma sindano, na amemaliza kazi inayoonekana.

Kiua kimoja

Vifaa vya kiua ni vichache. Kitambaa cha pamba kilichofumwa karibu karibu, uzi wa pamba wa kudarizia, sindano nyembamba, shazia au sindano nyingine nene ya kutobolea, na kimkasi cha kukatia uzi. Kwenye pakiti za sindano za mkono, namba ikiwa kubwa zaidi sindano ni nyembamba zaidi; namba 9 humfaa anayeanza, kwa kuwa hupita tabaka mbili bila kupinda na tundu lake bado linaonekana. Sindano huhesabiwa kabla ya kuanza na kabla ya kuinuka, kila siku, bila kuruka. Mikono huoshwa kwa sabuni, hasa msimu wa maembe, na kazi ikisimama hufungwa ndani ya leso safi.

Kitambaa cha mazoezi kiwe kiraka cha tabaka mbili, ukubwa wa kiganja. Tabaka hizo hushikizwa kwa bandi za uzi wa rangi, mishono mirefu ya muda itakayong'olewa baadaye. Mwalimu huchora mstari mmoja kwa penseli na kuweka nukta kila baada ya nusu sentimita. Ncha ya shazia hupenyezwa kwenye nukta ya kwanza na kuzungushwa taratibu. Shazia haikati kitu. Inazisogeza nyuzi za mtande na za mshindio, zikaachana na kufanya uwazi. Ndiyo sababu ncha ya mkasi haiguswi hapa: tundu lililokatwa huchanika pembeni kadiri kofia inavyofuliwa, na lililosukumwa linabaki na nyuzi zake zote.

Uzi hukatwa urefu wa kutoka ncha za vidole mpaka kiwiko. Ukizidi hapo husokotana na kuchakaa kwa kupitishwa mara nyingi. Haufungwi fundo. Sindano huingia katikati ya tabaka mbali kidogo na tundu, ikatokea ukingoni mwake, na mkia wa uzi ukabaki umelala ndani. Mishono midogo minne au mitano hulizunguka tundu kwanza ili kuuimarisha ukingo. Kisha ndipo kiua chenyewe kinapoanza: sindano inashuka tunduni, inapanda upande wa nje wa ukingo, umbali wa milimita moja au pungufu, uzi unavutwa, na mshono mwingine unalala ubavuni mwa huo. Kiua kidogo hukamilika kwa mishono kumi hadi kumi na tano.

Siri ya kiua iko katika mwelekeo wa kuvuta. Mkono ukivuta kuelekea katikati, tundu hujifunga. Ukivuta kuelekea nje, tundu hufunguka likawa duara. Nguvu ikizidi, kitambaa hukunjamana. Ikipungua, uzi husimama na kunasa kucha. Hakuna maelezo yanayoweza kumpa mtoto kipimo hicho. Hukipata kwa kushona viua vibaya, na viua vibaya hivyo visifichwe wala kutupwa. Kiraka kilekile kikiendelea mstari baada ya mstari, mtoto huona kwa macho yake kwamba mstari wa tano haufanani na wa kwanza.

Ukaguzi ufanywe dirishani. Kiraka kikiinuliwa kwenye mwanga, kila tundu hutoa nukta nyeupe, na lililo kubwa au lililopinda hujitangaza lenyewe. Kati ya bibi na mjukuu mazungumzo ya hapo huwa mafupi.

"Bibi, hiki kimekuwa kikubwa."

"Kikubwa kuliko nani?"

"Kuliko hivi vya pembeni."

"Basi fumua hicho, mjukuu wangu. Hivyo vingine viache."

Maneno hayo machache yamebeba mafundisho mengi. Aliyeona kosa ni mtoto mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyemkemea. Kinachofumuliwa ni kiua kimoja, kwa hiyo kazi ya siku haijapotea. Na anayefumua anajifunza mshono kwa njia ya pili, maana humbidi aufuate uzi kinyume, hatua kwa hatua, mpaka alikoanzia. Mwalimu anayemnyang'anya mwanafunzi kiraka na kumfumulia kwa haraka anamwondolea somo zuri kuliko yote ya siku hiyo.

Muda wa somo uwe mfupi na mwanga uwe wa kutosha. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe huchosha macho upesi, na usiku chini ya taa hafifu mtoto hatagundua makosa mpaka asubuhi. Mstari mmoja alasiri, baada ya shule na chuo, unatosha. Kama kitambaa cheupe kinamtatiza, kiraka cha kwanza kishonwe kwa uzi wa rangi nzito, ili kila mshono uonekane ulipokanyaga.

Safu ndani ya kofia ya mwalimu

Mistari ya kiraka ikishanyooka, mtoto apewe safu moja ndani ya kofia halisi inayoshonwa na mwalimu. Walimu wengi huogopa hatua hii, na ndiyo inayomfanya mtoto ajione ni mshonaji. Safu ichaguliwe upande wa nyuma wa mkanda, karibu na ukingo wa chini, mahali ambapo tofauti ndogo ya mkono haitaonekana mara moja. Akikosea, kunafumuliwa. Kofia ikikwisha, ataweza kumwonyesha mwenyewe aliyeivaa ni wapi alipopita.

Katika hatua hii pia huonyeshwa kwamba nakshi yote hushonwa kofia ikiwa bado vipande bapa. Duara hudariziwa peke yake, mkanda peke yake, ndipo vinapokutanishwa. Kuna kofia ambazo, mbali na viua, uzi mnene huingizwa katikati ya tabaka mbili, ukabanwa na mishono pande zote mbili, ukainua nakshi juu ya kitambaa na kuifanya kofia isimame. Hiyo aitazame tu. Isiwe kazi ya kofia yake ya kwanza.

Kuunganisha ndiko kunakofuata, na hila yake ni robo. Duara hukunjwa mara mbili na kuwekwa alama nne ukingoni. Mkanda, ukishafungwa ncha zake mbili kuwa pete, huwekwa nao alama nne. Alama hukutana na alama, pini hushikiza, kisha bandi huzungushwa. Mtoto anayeanza upande mmoja na kuendelea moja kwa moja hufika mwisho akiwa na mkanda uliobaki au uliopungukiwa. Anayeanza na robo nne hugawa kosa lote sehemu nne ndogo, na vidole vyake vinaweza kulimaliza. Mshono wa mwisho uwe wa kurudi nyuma: sindano ikitokea mbele, irudi nusu ya hatua kabla ya kuendelea, ili uzi ushike hata kofia ikivutwa kichwani kwa nguvu.

Kichwa cha mtu

Kupima kichwa ni kazi ya dakika moja, lakini mwalimu anayejua historia ya vazi hili anaweza kuipa uzito unaostahili. Zanzibar ya karne ya 19 mwanamume aliyekuwa mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa. Kofia ilikuwa alama ya muungwana. Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897, watu waliotoka katika hali hiyo walianza kuvaa kanzu na kofia. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu utamaduni na siasa za mjini Zanzibar, ameonyesha jinsi mavazi yalivyokuwa njia ya watu hao kujitambulisha upya mbele ya jamii. Babu zao walikatazwa kufunika vichwa. Wao waliingia msikitini na sokoni wakiwa na kofia.

Kofia hiyo imesafiri pia na watu wake. Uhusiano wa Oman na Zanzibar, uliokolea Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, uliwafanya watu wa pande mbili za bahari wavae kofia za namna moja. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, familia nyingi zenye asili ya Oman zilitoka Zanzibar na kwenda kuishi Muscat na miji mingine, Kiswahili kikiwa kinywani mwao. Leo Mwomani huvaa kofia ya viua kila siku, yeye huiita kumma, na kofia ya mkono inaheshimiwa huko kwa bei na kwa macho. Mtoto wa Pemba anayejifunza kiua anajifunza kazi yenye wanunuzi mbali na kijiji chake.

Basi utepe uzungushwe kichwani, juu kidogo ya masikio na katikati ya paji la uso. Tuseme kichwa cha mtoto ni sentimita 52. Huongezwa sentimita moja ya nafasi, ikawa 53, na huo ndio mzunguko wa kofia. Ili kupata upana wa duara, 53 hugawanywa kwa 3.14, ikatoka karibu 16.9. Nusu yake ni karibu 8.4, ambayo ni umbali wa kutoka katikati mpaka ukingoni. Ikiongezwa sentimita moja ya mshono, bikari hufunguliwa sentimita 9.4. Mkanda utakuwa na urefu wa sentimita 55, yaani 53 na moja ya mshono kila ncha. Kimo, kwa kofia ya mtoto, ni sentimita 9 pamoja na mbili za mshono na pindo, jumla 11. Hesabu ya mduara ambayo mwanafunzi aliiona ubaoni bila kujua ya nini, hapa inamkalia kichwani.

Kabla ya kuchora, kitambaa kifuliwe na kupigwa pasi. Pamba mpya hurudi ikilowa. Kikirudi kwa asilimia 3 tu, mkanda wa sentimita 53 hupungua zaidi ya sentimita moja na nusu, na kofia iliyoshonwa kwa wiki nyingi haiingii tena kichwani kwa mwenyewe.

Sasa mkasi. Nusu mita ya kitambaa chenye upana wa sentimita 90 inatosha kofia moja ya mtoto. Mikanda miwili ya tabaka mbili hulala upande mmoja, ikifuata upana wa kitambaa. Maduara mawili hukaa ubavuni mwake, moja juu ya jingine. Mwalimu akae karibu lakini mikono yake iwe magotini. Mwanafunzi aliyefua kofia, akashona pindo, akajaza kiraka viua, akaacha safu yake katika kofia ya mtu mwingine na kukutanisha robo nne, anajua kila sentimita ya mshono anayoiacha ina kazi gani. Atakata polepole, na atakata sawa.

Nakshi ya kofia hii ya kwanza iwe nyepesi: misitari mitatu ya viua kuzunguka mkanda, na duru mbili juu. Iwe ya kichwa chake mwenyewe, na iwe na tarehe ya kukamilika inayofikika, kwa mfano Idi inayokuja, ili kuwe na siku ya kuivaa mbele ya watu. Ya pili aipime kwenye kichwa cha mtu mwingine, na hiyo aifanye kwa mpangilio wa fundi mzima: kupima, kukata, kuchora, kudarizi, kuunganisha, kufua. Kwenye ile nusu mita kutakuwa kumebaki kipande cha sentimita 55 kwa 28 chini ya mikanda. Kikikatwa viraka na kupigwa bandi, kinawatosha wadogo zake wawili au watatu kuanza mistari yao ya kwanza.